Bodi ya nani, pesa ya nani? Kampuni zetu Uganda zibanwe au ziachwe

Kazi yangu ni vitabu vya hesabu, na wateja wangu wengi wako Kikuubo na Kisenyi hapa Kampala, watu wa mabati, sukari, matairi, vitu kama hivyo. Kuna mzee mmoja wa vifaa vya ujenzi nilimwambia siku moja kwamba akitaka mkopo mkubwa benki inaweza kumuuliza bodi ya kampuni yake iko wapi na inakutana lini. Alicheka mpaka akashika meza. "Bodi? Mimi ndo bodi, mama watoto ndo odita, na mkutano tunafanyia jikoni." Nikacheka pia, alafu nikiwa kwa boda narudi nyumbani nikajiuliza, kwani huyu mzee amekosea wapi?

Nauliza kwa sababu kila ukiingia kwa semina za uongozi wa makampuni hukosi kusikia watu wakisema tubane zaidi, kila kampuni iwe na wakurugenzi wa kutoka nje, mwenyekiti asiwe yule yule meneja mkuu, hesabu zikaguliwe na ripoti ziwe wazi. Saa hii Sheria ya Makampuni ya 2012 inalazimisha kampuni za umma, yaani zile zinazoweza kuuza hisa kwa watu wote, zifuate zile kanuni za uongozi bora zilizo kwa Jedwali F la sheria hiyo, lakini kampuni binafsi inazichukua ikipenda, isipopenda basi. Wanaotaka kubana wanasema hapo kwa "ikipenda" ndo tunapoteza, manake kampuni nyingi za Uganda ni binafsi na ni za familia, na mwenyewe akifa au akigombana na ndugu zake kampuni inakufa naye. Hilo ni kweli kabisa, nimeshazika makampuni mawili ya namna hiyo kwa makaratasi yangu mwenyewe.

Lakini hebu tusikie upande wa mzee pia. Mganda wa biashara hafichi vitabu kwa sababu ni mwizi, wengine ndio, lakini wengi wamefundishwa na historia. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Wahindi, maduka na viwanda vikagawiwa kwa wanajeshi na marafiki, wale tuliowaita mafuta mingi, mtu anaamka asubuhi ana duka ambalo hajui hata bei ya kitu kimoja ndani yake, akimaliza kuuza stoki anafunga milango. Baada ya hapo ikaja miaka ya magendo, bidhaa hakuna, bei rasmi haina maana, na anayeonekana na mali ndo anafuatwa usiku. Ukikulia kwa uchumi kama ule unajua jambo moja, kwamba mali inayoonekana ni mali inayochukuliwa. Sasa leo unakuja na fomu, unamwambia aandike nani hasa ndo mwenye kampuni, manake tangu marekebisho ya 2022 makampuni yanatakiwa kusajili wamiliki wao wa kweli, yeye anasikia nini? Anasikia buti mlangoni. Na sheria yenyewe ilikuja kwa presha ya nje, Uganda ilikuwa kwa ile orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa pesa, tangu 2020 na tukatolewa Februari 2024, kwa hiyo faida ipo, lakini huyo mzee hakuna aliyekaa naye akamweleza.

Na kuna ile ya pili, kwamba familia zinaweza kuendesha biashara vizuri bila hao wageni. Angalia Madhvani pale Kakira na Mehta pale Lugazi, walifukuzwa, wakarudi wakakuta mashamba yamegeuka pori, wakaanza upya. Watu waliorudi kwa pori namna ile wangengoja kamiti ndogo ya bodi ipitishe bajeti ya kung'oa visiki wangekuwa bado wanangoja. Familia inaamua haraka, inavumilia hasara miaka mingi kwa sababu inafikiria wajukuu. Meneja wa kuajiriwa anafikiria mkataba wake unaisha lini.

Sawa. Lakini hapo ndo watu wa kubana wanakutolea mabenki, na kwa mabenki mimi sina jibu la kuwarudishia.

Kati ya 1993 na 2016 Benki Kuu ya Uganda ilifunga au kuchukua benki saba. Ile ya Greenland ya 1999 wengi wetu wakubwa tunaikumbuka, ilikuwa inaongozwa na mtu aliyewahi kuwa gavana wa Benki Kuu yenyewe, Sulaiman Kiggundu, na wakati Uganda Commercial Bank inabinafsishwa mwaka 1997, asilimia 49 ikauzwa kwa kampuni ya Malaysia iitwayo Westmont, kumbe nyuma ya pazia ni Greenland ndo inanunua. Yaani benki ndogo inameza benki kubwa ya taifa, benki iliyokuwa na matawi mpaka kwa miji ya mbali, na mtu wa kawaida aliyeweka pesa pale hajui chochote. Huo ndo ulikuwa ubinafsishaji wetu, tulitoa mali mikononi mwa serikali kabla hatujajenga macho ya kuangalia inaenda kwa nani. Baada ya aibu ile ikaja Sheria ya Taasisi za Fedha ya 2004, mtu mmoja asizidi asilimia 49 ya hisa za benki, wakurugenzi wapimwe kama wanafaa, mikopo kwa watu wa ndani iwekewe kikomo. Sheria nzuri, hata ukiisoma unasikia raha.

Alafu miaka 12 baadaye, Oktoba 2016, Crane Bank ikachukuliwa. Benki Kuu ikasema pesa zimechukuliwa na mwenyewe na hisa zake zimefichwa kwa majina ya wengine, mwanzilishi wake, mfanyabiashara Sudhir Ruparelia, akakana, wakaenda mahakamani, na kesi haikufika hata kwa undani wa hizo tuhuma, iliangukia kwa suala la kama benki iliyo chini ya mpokezi, yaani mtu aliyewekwa kuisimamia baada ya kuchukuliwa, inaweza kushtaki. Ikaanguka 2019, ikaanguka tena rufaani 2020, na mwisho Mahakama ya Juu 2022. Kwa hiyo mpaka leo hatuna hukumu inayosema nani alifanya nini, na mimi sitajifanya hakimu. Ila jambo moja naliona wazi, hiyo bodi ilikuwepo, odita walikuwepo, Jedwali F lilikuwepo, asilimia 49 ilikuwepo kwa karatasi, na benki bado ikaishia kuuzwa kwa benki ya dfcu kwa shilingi bilioni 200 mwezi Januari 2017.

Na kilichoniuma zaidi mimi kama mtu wa vitabu ni kilichofuata. Mkaguzi Mkuu wa Serikali akafanya ukaguzi maalum wa zile benki saba, kamati ya Bunge inayoangalia mashirika ya serikali, COSASE, ikaita maofisa wa Benki Kuu mwishoni mwa 2018, tukakaa mbele ya televisheni wiki kadhaa kama tunaangalia mpira, na ikaonekana kwamba benki ziliuzwa bila hata kumbukumbu za vikao vya kujadiliana bei. Bila minutsi! Mimi SACCO ya mtaani, chama kidogo cha akiba na mikopo, ikija kwangu bila minutsi narudisha faili. Na huyo ndo mwalimu anayetuambia sisi wengine tuandike kila kitu.

Tena kuna hii ambayo watu wanaipita haraka. Kanuni ya kwanza kabisa wanayofundisha kwa hizo semina ni kwamba mwenyekiti wa bodi na mkuu wa kazi wawe watu wawili tofauti, ili mmoja amuulize mwenzake. Sasa Katiba ya Uganda, kifungu cha 161, inasema gavana wa Benki Kuu ndo mwenyekiti wa bodi ya Benki Kuu, na naibu wake ndo makamu mwenyekiti. Yaani gavana anaandika ripoti, anajipelekea, anajishukuru. COSASE walilisema hilo, na mpaka sasa kifungu kiko vile vile. Wanaoutetea mpango huu wana hoja pia, wanasema benki kuu inahitaji uhuru, ukimweka mwenyekiti wa kisiasa juu ya gavana umefungulia wanasiasa mlango wa pesa, na kwa nchi yetu hiyo hofu si ya kuchezea. Naikubali nusu. Lakini basi tusiwaambie watu kwamba kanuni ni ya kila mtu.

Hofu hiyo ya wanasiasa tuiangalie kwa NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, manake pale hawakuingilia dirishani, walipewa funguo. NSSF ina zaidi ya trilioni 20 za wafanyakazi, ni pesa zinazokatwa kwa mshahara wako upende usipende, asilimia tano yako na kumi ya mwajiri. Mwaka 2008 ikanunua ardhi ya Temangalo kwa bilioni 11, mmoja wa waliouza akiwa waziri wa usalama wakati huo, Bunge likachunguza na likagawanyika. Marekebisho ya 2022 yakaleta mawaziri wawili juu ya mfuko mmoja, wa Jinsia na wa Fedha, na mwaka uliofuata tukawa tena kwa televisheni, kamati ya Bunge, mkurugenzi, waziri, nani aliomba bilioni ngapi za nini. Mimi pale nafikiri tatizo ni mabosi wengi, si uchache wa sheria. Ng'ombe mwenye wachungaji wawili kila mmoja anadhani mwenzake ndo amempeleka mtoni. Ila lazima niseme pia, huo mfuko umekua sana na unalipa riba kila mwaka, kwa hiyo anayesema siasa imeuua anaongeza chumvi.

Wengine wanasema dawa ni soko la hisa, kampuni ikijiorodhesha inalazimika kuonyesha vitabu. Soko letu lipo tangu 1997 na bado kampuni za hapa nyumbani ni chache kuliko vituo vya teksi. Kampuni za simu, MTN waliingia 2021 na Airtel 2023, kwa sababu masharti ya leseni yaliwataka wauze asilimia 20 kwa umma, na wote wawili hawakumaliza kuuza mara ya kwanza, Airtel waliishia kama nusu hivi. Kampuni ya Umeme, waliokuwa wanasambaza stima, walikuwa wameorodheshwa, tukawatukana kila siku kwa bei ya stima, lakini angalau ripoti yao ulikuwa unaipata unaisoma. Mkataba wao uliisha Machi 2025, kazi ikarudi kwa UEDCL, kampuni ya stima ya serikali, na mzozo wa fidia ukabaki. Mimi si mpenzi wa Umeme, lakini ripoti ya namna ile nataka niione na kwa UEDCL.

Sasa msimamo wangu. Nafikiri tumekuwa tunauliza swali kwa ukubwa wa kampuni au kwa jina lake, binafsi, umma, familia, wakati swali ni pesa ya nani iko ndani. Yule mzee wa mabati pesa ni yake, akianguka anaanguka na nyumba yake, benki iliyomkopesha ina dhamana na ina wanasheria, mwacheni na bodi yake ya jikoni, mkimlazimisha wakurugenzi wa nje ataweka shemeji zake watatu, atalipa odita wa kupiga muhuri, na tutakuwa tumefundisha nchi nzima kusema uongo kwa fomu nzuri. Lakini ukishika pesa ya mtu ambaye hawezi kukuona, akiba, pensheni, hisa za watu wa mbali, hapo ubanwe mpaka ulie, hata kama uko kwa chumba kimoja juu ya saluni.

Na chumba kimoja juu ya saluni nakijua. Nilikuwa mwanachama wa SACCO moja ya wafanyabiashara wadogo, sitaitaja. Mwenyekiti, mhazini na mtu wa kamiti ya mikopo walikuwa watu wa ukoo mmoja kwa kuoana, hilo tulikuwa tunalijua na tulikuwa tunaona ni vizuri, eti wanaaminiana. Mkutano mkuu wa mwaka tulipewa soda na rolex, ile chapati ya kukunjiwa mayai, hesabu zikasomwa kwa haraka kwa Kiingereza kwa watu ambao wengi wanaongea Kiswahili na Kiluganda, mwenyekiti akauliza nani anakubali, mikono ikapanda. Mkono wangu pia ulipanda. Mimi, mtu wa vitabu, nilikuwa na rolex mkono wa kushoto nikapandisha wa kulia, manake mvua ilikuwa inakuja na nilikuwa nimeacha duka la mteja wazi. Miezi tisa baadaye ofisi ikafungwa, na mikopo mikubwa mitano ya kwanza kwa orodha ilikuwa ya wale wale wanakamiti. Nilipoteza milioni moja na laki nne, kuna mama wa nyanya alipoteza zaidi yangu.

Sheria ya kusimamia SACCO ilikuwepo. Minutsi zilikuwepo, nzuri, zimepigwa kwa kompyuta. Kilichokosekana ni mtu mmoja pale ndani mwenye sababu ya kusema ngoja kidogo, soma tena ukurasa wa nne.

Nimejiunga na SACCO nyingine, utasema sijifunzi. Mkutano mkuu ni mwezi ujao na nimepeleka barua ya mambo mawili tu yawekwe kwa ajenda, orodha ya wanakamiti waliokopa na kiasi walichokopa ibandikwe ukutani wiki mbili kabla, na hesabu zisomwe kwa Kiswahili. Katibu amenipigia simu akaniuliza kwa upole kama nina ugomvi na mtu.