Somo la grafu chuoni: programu au uthibitisho?

Wanafunzi wengi wanaoanza nadharia ya grafu, yaani hisabati ya nukta zilizounganishwa kwa mistari, huja wakitarajia ramani, mitandao ya simu na njia za mkato. Wiki ya pili wanakuta ubao umejaa uthibitisho, na malalamiko yanaanza. Muhula ni mfupi, wanasema. Kazini hakuna atakayetuuliza theoremu. Programu za kutafuta njia fupi zipo tayari, tena bure. Basi tufundishwe kuzitumia, na uthibitisho waachiwe wanaosomea hisabati tupu.

Hoja hiyo ina uzito. Algoriti ya Dijkstra, yaani hatua za kutafuta njia fupi kutoka nukta moja hadi nyingine, iliyochapishwa mwaka 1959, huwezi kuielewa kwa kutazama ubao tu. Unaielewa siku unapoiandika mwenyewe. Mhadhiri anayemaliza muhula bila zoezi hata moja la kompyuta anawapunja wanafunzi wake.

Lakini chukua swali hili dogo. Watu 15 wamo ukumbini. Je, wanaweza kusalimiana kwa mikono ili kila mmoja awe amesalimiana na wenzake 3 kamili? Mtu ni nukta, salamu ni mstari. Jozi za watu ni 105, na kila jozi ama imesalimiana ama haijasalimiana. Kwa hiyo idadi ya grafu za kukagua ni mbili 105 zikizidishwa pamoja, namba yenye tarakimu 32. Kompyuta inayokagua grafu bilioni moja kila sekunde ingehitaji muda unaoupita umri wa ulimwengu zaidi ya mara 90,000.

Penseli inamaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Kila salamu ina watu wawili, kwa hiyo ukijumlisha salamu za kila mtu lazima upate namba shufwa. 15 mara 3 ni 45, namba witiri. Haiwezekani. Wazo hilo mwanahisabati Euler alikuwa nalo tangu mwaka 1736, alipoandika kuhusu fumbo la madaraja 7 ya mji wa Königsberg.

Utaniambia hakuna mtu makini atakayeituma kompyuta ikague grafu zote hizo. Ni kweli, kwa sababu anaujua uthibitisho, au aliyeandika programu anayoitumia aliujua.

Kuna na hili linalonitia wasiwasi zaidi. Gari la umeme likiteremka mlima hurudisha chaji kwenye betri, hivyo gharama ya kipande hicho cha barabara ni hasi. Tuseme kutoka A kwenda B ni 2, A kwenda C ni 3, na mteremko wa C hadi B ni hasi 2. Njia nafuu inapitia C, jumla yake 1. Dijkstra huifunga B kwa 2, yaani huichukua 2 kuwa gharama yake ya mwisho, kabla hata ya kuigusa C, na programu iliyoandikwa hivyo italeta jibu hilo bila onyo lolote. Aliyefuata uthibitisho anaujua mstari unaodai gharama zisiwe hasi. Mwenzake atampelekea mteja jibu hilo akiwa na amani kabisa.

Wanaotetea kompyuta hupenda kutaja theoremu ya rangi nne, isemayo kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila maeneo yanayopakana kufanana rangi, na wana haki. Uthibitisho wa mwanahisabati Kempe wa mwaka 1879 uliaminiwa miaka 11 mpaka mwenzake Heawood alipouonyesha kasoro. Appel na Haken walifanikiwa mwaka 1976 kwa msaada wa kompyuta. Ila kompyuta ile haikupewa ramani zote zinazowezekana, maana hazina mwisho. Ilibidi kwanza watu wathibitishe kwamba kukagua mipangilio isiyofika 2,000 ya vipande vya ramani kunatosha.

Muhula ukibana, mimi ningepunguza algoriti, zibaki tatu au nne, kila moja ipite ubaoni na kwenye kompyuta. Na swali la Dijkstra lenye alama 10 lingetoa 4 kwa njia iliyopatikana, na 6 kwa kueleza kwa nini nukta ikishafungwa haina haja ya kufunguliwa tena.