Jua Lipo, Paa Lipo, Mti Nao Upo

Jamani, jua la Texas si la mchezo. Agosti ukigusa mlango wa gari unaruka. Sasa hapa Austin shirika la umeme ni mali ya jiji lenyewe, Austin Energy, na hilo jua linalinunua! Tangu 2012 utaratibu ni huu: umeme wote unaotumia unalipa bei ya kawaida, halafu kila uniti inayotoka kwenye paneli zako, hata kama umechemshia chai yako mwenyewe, inasomwa kwenye mita ya pembeni na thamani yake inakatwa kwenye bili. Walianza na senti 12.8 kwa uniti. Mita mbili ukutani! Kwetu Mbagala luku moja tu ilitosha kuleta ugomvi.

Anayenimaliza ni jirani. Bili ikitoka, ananyoosha simu juu ya uzio nione. Kiyoyozi chake kinakoroma mchana kutwa. Kwangu feni inazunguka kwa masharti.

Mama watoto akasema, baba, na sisi tuweke. Kuna ruzuku ya dola 2,500, ila kwanza usome kozi yao ya sola mtandaoni na ujibu maswali. Mtu mzima na mvi zangu, nikakaa mezani na watoto, wao wanafanya kazi ya shule, mimi nasomea paa linaloelekea kusini. Nikafaulu! Fundi akaja kupima, akatazama juu, akashusha ngazi hata mkoba hajafungua. "Mzee, mti."

Mwaloni umelalia paa utadhani kodi analipa yeye. Nikasema ukatwe. Thubutu! Jiji hilohilo linalonibembeleza niweke sola lina sheria ya 2010: mwaloni wenye kipenyo cha inchi 24 ni mti wa urithi, kuung'oa mpaka kibali. Nimeupima kwa kamba ya kuanikia nguo. Umepita, tena kwa dharau. Mimi karatasi zangu za kuishi nchi hii nimezihangaikia mpaka nywele zikanyonyoka; huo umepewa hadhi hata kuhojiwa haukuhojiwa.

Mjomba kule Kilosa ana kipaneli kimoja juu ya bati, kinawasha taa, redio, na anachaji simu za watu kwa hela. Akanipigia: "Mpwa wangu, Marekani yote hiyo jua mnakosaje?" Nilipomweleza, akashusha sauti: "Si uumwagie chumvi usiku?" Mjomba, ongea taratibu, hizi simu zinasikilizwa!

Basi shirika limewafikiria hata wenye vivuli: kuna shamba la sola La Loma, mashariki mwa jiji, unajiandikisha na umeme wako unahesabiwa kutoka kule. Sawa, lakini jirani nitamwonyesha nini juu ya uzio? Mama watoto hataki kusikia, fomu anaijaza, na ananiambia kivuli cha mti chenyewe kinatupunguzia joto. Kumbe kivuli kinapunguza joto! Basi aiwashe hiyo feni.