Puto Lililopanda Bodaboda

Dhoruba za Ziwa Victoria ni za watu wa kukesha. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, kila upande wa pwani ukapuliza kuelekea majini. Pepo hizo zikikutana katikati, hewa nzito ya unyevu haina pa kwenda ila juu, na chini yake wako wavuvi wa dagaa na taa zao. Ndiyo maana saa kumi alfajiri nilikuwa ufukweni Mwanza, nimekumbatia puto.

Kurusha puto la hali ya hewa si kazi ngumu ukifuata mpangilio. Mpira wa gramu 350 unajazwa heli mpaka uweze kuinua uzani wa kupimia. Gesi ikipungua, puto halifikishi ile kasi ya mita 5 kwa sekunde. Unavaa glavu za pamba, maana mafuta ya mikono huuchosha mpira. Shingo unaikunja na kuifunga mara mbili. Chini yake mwavuli, kisha kigurudumu cha uzi wa mita 30 unaojifungua taratibu, ili vipimo visichafuliwe na joto la puto lenyewe. Mwisho kabisa unaning'iniza rediosonda, kiboksi chepesi kuliko simu yako, kinachotuma joto, unyevu, kanieneo (yaani mgandamizo wa hewa) na mahali kilipo.

Manyunyu yakaanza. Nikakificha kiboksi ndani ya koti kwa muda tu.

Hapo ikafika ile hewa baridi inayotangulia mvua, inayoporomoka kutoka wingu na kutawanyika ardhini kama ndoo iliyomwagwa. Nikamwuliza kijana wangu kwa kelele, "Umefunga?" Akajibu, "Nimefunga!" Yeye alimaanisha mwavuli. Glavu ikateleza, puto likaenda zake.

Dakika moja baadaye akapiga simu kutoka hemani, kwenye kompyuta. "Dokta, programu bado inasubiri. Kanieneo haijashuka hata kidogo. Kiboksi kiko chini!"

"Kinaburuzwa," nikasema. Kiboksi kile si bei ya karanga. Nikadaka bodaboda.

"Kinaelekea mjini, Dokta! Kilomita 40 kwa saa!"

"Ongeza mwendo, kaka!"

"Sasa 55! Upepo huu hatari!"

Tukasimama kumwuliza mlinzi wa duka kama ameona puto jeupe. Akauliza ni la harusi ya nani. Kwenye simu: "Upepo umekata ghafla, Dokta. Sifuri. Sijawahi kuona." Tulipoondoka, ukarudi.

Kisha tukaanza kupanda kilima cha Bugando. Huku kwetu juu, kila mita 9 au 10 unazopanda, kanieneo hushuka hektopaskali moja hivi, na programu ikiona inashuka mfululizo hujua puto limeachiwa. Kijana akapiga kelele za furaha: "Limepaa!" Nami juu ya pikipiki nikapiga makofi. Mwendesha boda akanitazama kwenye kioo.

"Ila linapanda polepole, Dokta. Mita moja kwa sekunde."

"Gesi ilipungua. Nilikwambia uongeze."

"Na joto ni digrii 33, unyevu asilimia 96. Alfajiri hii! Hapo juu kuna kitu kikubwa."

Kilimani nikashuka, nikatazama mawingu pande zote. Hakuna kitu. Mvua ikazidi, nikaingiza mkono ndani ya koti nitoe nauli. Vidole vikagusa plastiki yenye joto la kwapa langu. Nikaitoa. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Mwendesha boda akauliza, "Bosi, si ndicho hicho tunachokitafuta?"

Sikujibu. Nikakirudisha kotini, nikamwomba anirejeshe ufukweni, mdogo mdogo. Tulipoanza kuteremka, simu ikalia tena.

"Dokta, kanieneo inapanda, programu inasema puto limepasuka. Lakini kiboksi kinarudi huku huku, kinafuata barabara! Nitoke nikakidake?"