Mtu si kitu? Yiwu wamekataa

Najua mshasikiliza ile sauti kwenye grupu, eti nimerushiwa chupa ya chai dukani China. Yule jamaa niliyekuwa naye kaipamba. Hakuna aliyenirushia chupa. Ilitua mezani tu, kwa kishindo. Ngoja niwape yenyewe kabla haijamfikia mama.

Ni Yiwu, lile soko la jumla la jimbo la Zhejiang, kwenye kiduka cha vibanio vya nywele. Kichina changu cha wiki tatu: "hao" nzuri, "bu shi" siyo, na kipenzi changu "dongxi". Ukiikata ni mashariki na magharibi, ukiiunganisha ni kitu. Kitu chochote! Nikawa naimwaga kila mahali, kikombe dongxi, boksi dongxi. (Mnaocheka, nyie mmeishia "ni hao", tulieni.)

Mama mwenye duka anaandika bei kwenye kalkuleta, nafuta, naandika yangu, anafuta. Pembeni baba yake anakunywa chai. Mzee akamnong'oneza binti, bei ikashuka. Nikasema huyu lazima asifiwe. Na baba kwa Kichina ni "baba" vilevile, nitakosea wapi? Dole gumba juu, sauti ya mnadani:

"Ni baba, hao dongxi!"

Baba yako, kitu kizuri.

Kidole cha mama kikaganda juu ya saba. Mzee akashusha glasi taratibu, jani la chai limemnasa mdomoni. Kiduka cha jirani nacho kimya. Nikaelewa: nimemwita mzee wa watu kitu. Hata kwetu, mtu mzima humtupi kwenye ki-vi ukabaki salama. Basi nirekebishe. Si mtu si kitu? Nikainama, mkono kifuani, neno moja moja asije akakosa hata silabi:

"Ni baba... bu shi... dongxi."

Jamani. Kumwambia Mchina "si kitu" ndiyo tusi lenyewe: mshenzi, hana utu. Ya kwanza niliteleza. Ya pili nilimtukana kwa heshima zote, nimeinama.

Ndipo chupa ikatua. Na huyo msimulizi wenu, mwenye miaka sita China, alikuwa chini ya meza eti anatafuta kalamu.

Baadaye akatoka, akaeleza, mzee akacheka mpaka akapaliwa. Bei ikarudi ya mwanzo, nikalipa bila kubisha.

Jana nimepita tena pale. Mzee kaniona kwa mbali, kapaza sauti: "Dongxi!"

Nikaitika.