San Siro ni viwanja vitatu, si kimoja

Juni 8, 1990, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia, dakika ya 67, François Omam-Biyik aliruka juu ya mabeki wa Argentina akapiga kichwa ambacho wala hakikuwa kikali. Kipa Nery Pumpido akaudaka mpira, ukamponyoka, ukaingia. Cameroon 1, Argentina ya Maradona 0. Kaka yake Omam-Biyik, André Kana-Biyik, alikuwa ameshatolewa kwa kadi nyekundu dakika chache kabla, na Cameroon walimaliza mechi wakiwa tisa. Watu wa rika langu tuliujua uwanja wa San Siro kwa siku ile, kabla hata hatujajua Milan iko upande gani wa Italia. Miaka sita baadaye, hapo hapo, George Weah wa AC Milan aliuchukua mpira ndani ya boksi lake mwenyewe, akakata uwanja mzima na wachezaji wa Verona wakimkimbiza, akafunga.

Sasa uwanja huo umehukumiwa. Usiku wa kuamkia Septemba 30, 2025, baraza la jiji la Milan lilipiga kura 24 kwa 20 kuuza San Siro na ardhi inayouzunguka kwa AC Milan na Inter, bei euro milioni 197. Mpango wa klabu ni kujenga kando yake uwanja mpya wa watu 71,500, kazi waliyopewa wasanifu Foster + Partners na Manica, waendelee kucheza wa zamani mpaka mpya ukamilike, kisha wavunje ule wa zamani na kubakiza kipande.

Mabishano yote ninayoyasikia yanauchukulia San Siro kama kitu kimoja: uvunjwe au usivunjwe. Mimi naona hapo ndipo tunapopotea, kwa sababu pale pamebebana viwanja vitatu.

Cha chini kabisa ni cha Piero Pirelli, tajiri wa matairi aliyekuwa rais wa Milan. Alikijenga jirani na uwanja wa mbio za farasi, majukwaa manne yaliyonyooka kwa mtindo wa Kiingereza, bila njia ya riadha kuwatenganisha watu na nyasi. Kilizinduliwa Septemba 19, 1926, na Inter wakawapiga Milan 6-3. Mwenye nyumba alichapwa siku ya kuhamia! Mwaka 1935 jiji likakinunua, na mwaka 1947 Inter nao wakahamia. Tangu hapo watani hao wanalala nyumba moja, kama Simba na Yanga kwa Mkapa.

Cha pili ni cha 1955, na hiki ndicho roho ya jengo. Walipandisha tabaka jipya la majukwaa juu ya lile la zamani, wakahitaji njia ya kuwafikisha watu huko. Hawakuficha ngazi ndani. Walizungusha njia za zege zenye mwinuko kwa nje, zamu baada ya zamu kutoka chini hadi juu, kama mshona kikapu anavyozungusha ukili. Siku ya mechi ukisimama nje unaona maelfu ya watu wakipanda polepole kuuzunguka uwanja mzima, skafu zinapeperuka, na ukuta ni kama unatembea. Sura ya jengo na kazi yake ni kitu kimoja. Hapo hakuna pambo lililobandikwa.

Cha tatu kililetwa na Kombe la Dunia la 1990. Minara 11 ya zege ya mviringo, tabaka la tatu pande tatu tu (upande wa nne farasi wamebana), na paa lenye boriti kubwa nyekundu za chuma. Kwenye picha linapendeza sana. Lakini paa na tabaka hilo viliziba jua na upepo, nyasi zikaanza kufa. Kwa miaka mingi walikuwa wakizing'oa na kutandika nyingine, hadi mwaka 2012 walipoweka nyasi halisi zilizochanganywa na nyuzi za plastiki.

Hoja ya klabu si ya kupuuzwa. Juventus wana uwanja wao tangu 2011, na mapato ya kila kiti yanaingia mfukoni mwao. San Siro ina korido finyu, vyumba vya VIP vichache, na UEFA iliunyang'anya fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2027 kwa kuwa jiji halikuweza kuhakikisha kwamba ukarabati hautaivuruga. Nani hasa atakarabati, na lini? Klabu mbili, kila moja mechi 19 za ligi nyumbani, jumla 38, bado za makombe. Sisi tunajua adha yake: Mkapa ukifungwa kwa matengenezo, Simba na Yanga wanabanana kwenye viwanja vidogo na mashabiki wanabaki nje.

Ila hoja hiyo ya ukarabati kutowezekana ina tundu. Tabaka la tatu lenyewe lilijengwa huku ligi ikiendelea. Tena uwanja mpya utakuwa na viti vichache kuliko wa sasa, na vingi zaidi vitakuwa vya wenye pesa. Shabiki wa majukwaa ya juu, anayelipa kidogo na kuimba sana, sijui watamweka wapi.

Halafu kuna suala la tarehe. Sheria ya Italia huanza kulilinda jengo la umma likifikisha miaka 70. Tabaka la pili lilikuwa linatimiza umri huo Novemba 10, 2025. Hati za mauzo zilisainiwa Novemba 5. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ningekuwa na kisu mkononi, ningekata tabaka la tatu na minara yake, nikaacha la pili lipate jua tena. Najua jibu la klabu: viti vingepungua mno, na benki haikopeshi mtu kwa uzuri wa zege. Kwa hesabu zao wako sahihi. Kinachonikera ni hicho kipande wanachosema watakibakiza kama heshima kwa historia. Njia zile zilisanifiwa kuzunguka, zimfikishe mtu kwenye kiti chake. Ukibakiza kona moja, unabaki na mwinuko wa zege uliokatika hewani, na atakayeupanda atafika juu akute hakuna mechi.