Ndege kuukuu sawa, ila vifaa visitudanganye

Juzi barazani kwenye kahawa kukazuka ubishi. Jamaa yetu mmoja kasoma kwamba Marekani waliamuru ndege za abiria zibadilishwe altimita za redio, vile vipimo vya kujua ndege ipo juu kiasi gani, ama zifungwe filta, mwisho tarehe 1 Februari 2024, kwa sababu minara ya simu ya 5G inatumia masafa yaliyo karibu na ya kifaa hicho. Anasema ni uonevu, ndege imeruka salama miaka ishirini leo mwenyewe aambiwe atoe pesa. Mie hapo nipo upande wa serikali, na si kawaida yangu.

Altimita ya redio ni bildi tu. Manahodha wa majahazi walikuwa wakitupa bildi wajue maji kina gani, ndege nayo inatupa mawimbi chini, yakirudi inajua imebakisha futi ngapi. Sasa bildi ikisema uongo? Februari 2009 ndege ya Turkish Airlines inashuka Amsterdam, altimita moja ikasoma futi 8 chini ya ardhi na chombo bado kipo kama futi 2,000 juu! Mitambo ikaamini ishafika, ikapunguza moto wa injini, marubani kuja kushtuka mwendo ushakwisha. Watu 9 wakafa. Haikuwa 5G ile, na wala ndege haikuwa mkweche.

Mie nikenda Pemba napanda vile vindege vidogo, nusu saa ushafika, na napenda kumtazama rubani anavyozunguka ndege kabla hajatwita. Chini ya bawa kuna kibomba chembamba kimevishwa kifuniko chekundu, anakivua, anainama anachungulia tundu. Tundu yenyewe karafuu moja inaziba. Siku moja bibi mmoja mwenye kikapu akamuuliza, mwanangu unatafuta nini humo? Akamjibu, mwendo bibi, hapa ndo tunajua mwendo. Bibi akasema haya, tazama vizuri basi.

Na bibi ana haki, maana mwaka 1996 kule Jamhuri ya Dominika ndege ilokaa siku kadhaa bila vifuniko kwenye vibomba hivyo iliruka ikaanguka baharini na watu 189, wachunguzi wakashuku nyigu walijenga humo ndani, na nyigu sisi tunao wa kugawa. Halafu 2009 tena, Air France kutoka Rio, vibomba vikaziba kwa barafu juu ya Atlantiki, watu 228. Baada ya msiba huo ndo Ulaya wakaamuru aina ile ya vibomba ivuliwe kwenye ndege nyengine. Baada, si kabla.

Ndo maana sitaki kusikia habari ya kusamehe ndege za zamani. Ndege ikichokwa huko haizikwi, inauzwa, inapakwa rangi, inakuja kubeba watu kama sie. Mnunuzi aulizwe umefunga kifaa gani na mwaka gani, kabla chombo hakijapewa usajili. Tiketi ikipanda kidogo tutanung'unika, tushazoea, nauli ya boti ikipanda twanung'unika vilevile na twapanda.

Lakini jamaa yangu huyo ntamwambia nini, gari yake mwenyewe mshale wa spidi umekufa tangu mwaka juzi, ukimuuliza anakwambia mwendo anausikia kwa masikio. Haya, njia ya Bububu sawa.