Namba ya kiatu cha mwanangu

Watu wa kwetu Lamu wakisikia niko kortini huku Uingereza nadai nikae na binti yangu nusu kwa nusu wananicheka, juzi ami kanipigia ati "wewe tuma masurufu, mtoto mwachie mamake, akikua atakutafuta mwenyewe." Hapo ndipo sikubaliani nao.

Mimi wazazi wangu waliachana nina miaka mitano, mama akabaki mtaa wa Langoni baba yuko mtaa wa Mkomani, hapo hapo Lamu, hakuna karatasi wala kalenda, nikimtaka baba naenda kwa miguu, magari hakuna ni kujibanza ukutani punda wapite tu, usiku ukinikuta nalala kwa nyanya. Raha wallahi. Lakini baba hakujua niko darasa la ngapi na hakuna aliyemuuliza, akishatoa ya unga na nguo za Idi basi, kamaliza. Na si kwamba sheria haipo, katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 53 inasema jukumu la mama na baba ni sawa wameoana hawajaoana, na kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii mtoto akifika kama miaka saba akawa na akili yake anachagua mwenyewe akae na nani, ila sisi tumeshika ya matumizi tu.

Huku nako kuna balaa lake. Kabla ya kufungua kesi mara nyingi lazima kwanza uende kikao cha usuluhishi na mtu humjui hakujui, kitu ambacho kwetu wazee wangekimaliza barazani kwa kahawa. Sheria yao ya 2014 ilichukulia kuwa mtoto anafaidika wazazi wote wawili wakiwepo, ila haikusema nusu kwa nusu (hapa ndipo kina baba wengi tunajidanganya). Saa hii namuona wikendi moja namkosa ya pili, Jumapili jioni namrudisha, kwenye basi hasemi kitu ananishika kidole tu.

Sasa ofisa wa watoto alipokuja kunihoji mshahara hakuanza nao. Kaniuliza mwalimu wake nani, usiku anaogopa nini, anavaa kiatu namba ngapi. Ya mwalimu nilijua. Kwenye kiatu nikakwama, na mimi ndiye napiga kelele haki za baba! Swali hilo ningetamani makadhi wetu waanze nalo, kabla ya hesabu za pesa.

Ofisa alipotoka nikamuandikia mamake kumuuliza. Kajibu, "kumi, na nunua pana, miguu kachukua yako."